Mpenzi Mteja, Naomba Usubiri Kidogo

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wahudumu wa wateja na wasimamizi wao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nimepunguza tu vikohozi na kurudiarudia.)

Mshereheshaji, wasimamizi, na ninyi wenzangu mnaoshinda nyuma ya kaunta au na hedifoni masikioni, asanteni kwa kunikaribisha.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa kusema "dada yetu mpendwa". Mimi na yeye tumeonana leo asubuhi kwa mara ya kwanza, na mpaka sasa tulichozungumza ni kipaza sauti kinawashiwa wapi. Msimwangalie hivyo, sijachukia. Kusema kweli nimefurahi. Ila hilo neno nimelisikia, na kusikia huko ndiko kulikonileta hapa. Sisi tunaosema "mpenzi", "kipenzi", "mrembo", "bosi wangu" mara mia mbili kwa siku tunaona yameshakuwa kama pumzi, yanatoka yenyewe. Anayeambiwa husikia mara moja tu, na hulisikia zima.

Niwasimulie nilivyolijua hilo.

Nilianza kazi nikiwa mpokea simu katika kituo cha huduma kwa wateja. Kampuni sitaitaja, wala haina maana kuitaja, kwa sababu karatasi niliyoikuta pale mezani nimeikuta tena, karibu kwa maneno yaleyale, kwenye meza nyingine nyingi tangu wakati huo. Ilibandikwa pembeni ya kompyuta, imefunikwa plastiki isichakae. Tuliiita Amri Kumi, ingawa zilikuwa kumi na nne. Amri ya tatu ilisema mteja aitwe "mpenzi mteja" si chini ya mara tatu katika kila simu: unapompokea, unapomwomba asubiri, unapomuaga. Simu zilirekodiwa. Kila Ijumaa msimamizi alichagua tano za kila mmoja wetu, akazisikiliza kalamu mkononi, na alama za mwezi ndizo zilizoamua nani apewe zamu za mchana na nani aachiwe za usiku.

Siku moja akapiga mzee. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejiandaa, mtu aliyeandika mahali anachotaka kusema ili asikipoteze. Alitaka laini ya mkewe ifungwe. Nikamwambia, "Mpenzi mteja, laini hufungwa kwa ombi la mwenyewe, naomba nizungumze naye." Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia saa ya ukutani. Kisha akasema taratibu, bila hasira yoyote: "Binti, aliyekuwa akiniita mpenzi ndiye huyo ninayetaka laini yake ifungwe. Tumemzika juzi."

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana aibu yangu iko hapo. Nilisema pole, na ilikuwa pole ya kweli, machozi yalinilengalenga. Halafu macho yakaenda kwenye ile karatasi, nikahesabu: moja imeshatoka, zimebaki mbili. Nikamwambia, "Naomba usubiri kidogo, mpenzi mteja." Na nilipomaliza: "Asante kwa kutupigia, mpenzi mteja." Alikata kabla sijafika kwenye "siku njema".

Ijumaa ile simu yake ilikuwa miongoni mwa tano zilizochaguliwa. Nilipata alama zote.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo niliamini kosa lilikuwa ni lile neno. Nikawa mtu wa kulichukia. Nilipoanza kufundisha wahudumu wapya, somo langu la kwanza lilikuwa: futeni mapenzi yote kinywani, mteja ni mteja. Wengine wenu hapa niliwafundisha hivyo, na leo naomba kulirekebisha, kwa sababu nililenga pembeni.

Lililonibadilisha mawazo ni kuona kwamba kuna watu wanaitana maneno matamu kutwa nzima dukani na kwenye basi na hakuna anayeumia. Uingereza, ukienda Stoke-on-Trent au Derby, watu wanaitana duck, yaani bata. Newcastle wanaitana pet, neno la kumwitia mnyama kipenzi. Glasgow mwanamke huitwa hen, kuku jike. Mgeni anaweza kudhani amefika bandani. Lakini angalieni neno linavyotembea: dereva wa basi anamwita abiria bata, na abiria akishuka anamshukuru dereva kwa kumwita bata vilevile. Mzee kwa kijana, kijana kwa mzee. Neno linakwenda, linarudi, kama mpira.

Mwaka 1960 Wamarekani wawili, Roger Brown na Albert Gilman, walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyoitana katika lugha za Ulaya zenye "wewe" mbili, ya karibu na ya mbali. Kifaransa kina "tu" na "vous", Kijerumani kina "du" na "Sie". Walichokiona ni chepesi kukieleza na kigumu kukisahau ukishakielewa. Watu wawili wakitumia "wewe" ya aina moja kwa pamoja, hapo kuna ukaribu, au umbali wa kuheshimiana. Mmoja akitumia ya karibu na mwenzake akalazimika kutumia ya mbali, hapo kuna aliye juu na aliye chini. Bwana humwambia mtumishi "tu", mtumishi humjibu "vous". Neno la ukaribu lisiloweza kurudishwa linakuwa kipimo cha nani ana nguvu.

Basi swali langu siku hizi haliulizi kama neno ni tamu. Linauliza: huyu ninayemwita hivi anaweza kunirudishia? Yule mzee angeweza kunijibu "sawa, mpenzi"? Hata kidogo. Nilimtupia neno ambalo hakuwa na mahali pa kulishika, na mimi mwenyewe sikulitupa kwa hiari, nilisukumwa mkono. Hakuna kati yetu aliyekuwa na uhuru wa kulitumia lile neno, na bado lilisemwa mara tatu.

Hapa niingie kidogo kwenye lugha yetu, mniwie radhi, napenda mambo haya na sipati watu wengi wa kuyasikiliza.

Kiswahili hakina zile "wewe" mbili. Aliye rais na aliye mtoto wa chekechea wote tunawaambia "unataka nini". Kiambishi ni kilekile. Kwa hiyo mzigo wote wa heshima tunautwika lile neno la kumwitia mtu. "Unataka nini?" ni ugomvi. "Unataka nini, mama?" ni huduma. Herufi nne tu zimeongezwa na sentensi nzima imebadilika sura. Ndiyo maana sisi hatuwezi kukwepa kumwita mtu kitu. Mhudumu anayezungumza lugha nyingine anaweza kujificha nyuma ya kiwakilishi cha heshima akapita salama. Wa Kiswahili akinyamaza tu ameshaonekana mkavu, na akisema "wewe" peke yake ameshatukana. Lazima achague neno, na achague haraka, mteja akiwa tayari amesimama mbele yake.

Sasa tazameni "mpenzi". Mpenzi wa soka ni mtu anayependa soka. Soka lenyewe halimjui. Mpenzi wangu ni ninayempenda, na tunaomba na yeye ananipenda. Neno moja, linabeba anayependa na anayependwa kwa pamoja. "Mpendwa" halina utata huo, ni mtu aliyependwa, ila halisemi na nani. Ndiyo sababu linafaa kufungulia barua, hata barua ya kudai deni. Nadhani kila mmoja humu amewahi kupokea ujumbe unaosema "Mpendwa mteja, huduma yako imesitishwa". Umependwa na umekatiwa katika sentensi moja.

Mtangazaji wa redio akisema "mpenzi msikilizaji" hakuna anayeshtuka, kwa kuwa msikilizaji huyo ni mmoja anayesimama badala ya maelfu. Simu haiko hivyo. Simu ni sikio moja.

Halafu kuna maneno ya ukoo: mama, baba, dada, kaka, shangazi, mjomba, babu, bibi. Wengi wetu tunayaweka kapu moja na "mpenzi", na mimi naona ni kosa. La ukoo linakuja na wajibu. Nikikuita kaka, nimejiweka dada, na dada ana mambo asiyoweza kumfanyia kakake, mojawapo likiwa kumlangua. Sisi si peke yetu. Wakorea humwita mama mhudumu wa mgahawa imo, yaani mama mdogo. Waturuki wana abla kwa dada mkubwa na abi kwa kaka mkubwa, na muuzaji na mnunuzi wote huyatumia. Wathai wana phi kwa aliyekuzidi umri na nong kwa uliyemzidi. Yote haya yanaweza kurudishwa: ukiniita shangazi, nitakuita mpwa wangu na maisha yanaendelea.

Yana hatari moja tu, nayo ni umri. Mwanamke anapoitwa "mama" dukani kwa mara ya kwanza badala ya "dada", hununua alichokuja kununua, akatabasamu, akaenda nyumbani kujitazama kiooni kwa dakika kumi. Najua ninachokisema.

Niende kwenye jambo ambalo wanaume waliomo humu huenda hawajawahi kuliona, kwa sababu halijawahi kuwapata. Simameni kwenye foleni yoyote msikilize. Anafika mwanamume kaunta: "Karibu bosi." "Ndiyo, mkubwa." "Kiongozi, nikusaidie nini?" Anafuata mwanamke, pengine ana pesa zaidi yake, pengine ndiye bosi wake kazini: "Karibu mrembo." "Ndiyo, kipenzi." "Mamii, sema." Mwanamume amepewa cheo, mwanamke amepewa sura. Mhudumu hana nia mbaya. Ukimuuliza atakuambia alitaka kuwa mchangamfu, na atakuwa anasema kweli. Wamarekani wawili, Nessa Wolfson na Joan Manes, waliandika mwaka 1980 kuhusu jambo hilihili katika maduka na ofisi za kwao: mteja mwanamke aliitwa kwa neno la heshima, au kwa neno la mapenzi, au hakuitwa chochote, na yale ya mapenzi yalikwenda upande mmoja tu, yakimweka mtu mzima karibu na nafasi ya mtoto. Zaidi ya miaka 40 imepita. Ukifika kaunta kesho, sikiliza.

Na nilipotaja mtoto, nikae hapo kidogo, maana hapa ndipo maneno matamu yanapofanya madhara makubwa kuliko mahali pengine popote, na wanaoyasema ndio wenye roho nzuri kabisa.

Mnaijua ile sauti. Mzee anaingia, anatembea polepole, na mhudumu anapandisha sauti juu, anairefusha, anaanza kuongea kwa "ka-" na "tu-". "Kabibi ketu kazuri! Haya, tunakaa hapa. Tunavua viatu vyetu. Tumekunywa dawa zetu leo?" Bibi anatazama huku na huku kutafuta hao wengine ni akina nani. Viatu ni vyake peke yake. Pengine alikuwa mkunga, au karani mkuu, au alilea watoto tisa akawasomesha. Leo ni "kabibi".

Mwaka 1981 Linnda Caporael alirekodi wahudumu wa makao ya wazee huko Marekani wakizungumza na wazee wao. Kisha akazichuja zile sauti, maneno yasisikike, ubaki mdundo tu na kupanda na kushuka. Wasikilizaji waliosikilizishwa hawakuweza kutofautisha ile sauti ya kubembeleza waliyosemeshwa wazee na ile wanayosemeshwa watoto wadogo. Mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake wakaenda mbali zaidi. Walichukua video za wauguzi wakiwaogesha, wakiwavisha na kuwahudumia wazee 20 wenye demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakapima ni lini mzee anakataa huduma: anasukuma mkono, anageuza uso, anapiga kelele. Waliposemeshwa kitoto, uwezekano wa kukataa ulikuwa 0.55. Waliposemeshwa kama watu wazima, 0.26.

Hao ni watu ambao pengine jina la binti yao limeshawatoka. Lakini walijua kwamba wanasemeshwa kama watoto, na mkono ukasukuma.

Sasa msije mkatoka hapa mkidhani dawa ni kurundika heshima. Wasweden walijaribu njia zote mbili. Zamani kwao kumwita mtu ilikuwa kazi: lazima ujue cheo chake, na ukikosea umemkosea. Mwaka 1967 Bror Rexed, aliyekuwa anaingia kuongoza mamlaka ya afya ya nchi hiyo, akawaambia watumishi wake kwamba atawaita wote kwa majina yao na kwa "wewe" ya karibu, na wao wamwite yeye Bror. Hakuwa yeye aliyeyaanzisha mabadiliko hayo, lakini jina lake ndilo lililobaki kuwa alama yake, na baada ya muda mfupi karibu nchi nzima ikawa inaitana vivyo hivyo. Miaka ya 1980 vijana wa madukani na migahawani wakaanza kuirudisha ile "wewe" ya mbali, "ni" kwa Kiswidi, kwa wateja wao, wakiamini wanaongeza adabu. Wazee wengi waliokuwa wakihudumiwa wakachukizwa. Wao walikumbuka enzi ambayo hiyo "ni" ilikuwa neno la kumwambia mtu wa chini yako. Kijana anatoa heshima, mzee anapokea dharau, na wote wawili wana haki.

Kuna pia njia ya tatu ya kuliharibu neno, nayo ni kulifanya la kila mtu mpaka libaki ganda. Wauzaji wa Taobao, soko kubwa la mtandaoni la China, walizoea kumwandikia kila mnunuzi qin, kifupi cha neno la Kichina la "mpendwa". Muuzaji hakujui, hajakuona, pengine ni programu tu inayokujibu saa nane usiku: qin, mzigo wako umetoka. Mtindo ukawanogea watu. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya China ikautumia kwenye tangazo la ajira. Mwaka huohuo polisi wa Shanghai wakawaandikia watoro waliokuwa wakisakwa, wakiwaomba wajisalimishe, na wakaanza na qin. Nimecheka sana niliposoma hilo. Lakini mpenzi mteja wangu na mpenzi mtoro wao, mwisho wa siku, tofauti yake ni ipi?

Nimesema mengi ya mhudumu kwa mteja. Nigeuze meza, na nadhani sehemu hii wengine mmekuwa mkiisubiri tangu nilipoanza.

Mteja naye anaita. "Mtoto mzuri, njoo." "Baby, bili yangu." "Mke wangu mdogo leo umependeza." Na mhudumu anatabasamu, kwa kuwa tabasamu liko kwenye mkataba hata kama halikuandikwa. Mwanasosholojia Mmarekani, Arlie Hochschild, aliliandikia kitabu mwaka 1983, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege: kuna kazi ambazo mshahara unalipa mikono, na kuna kazi ambazo mshahara unalipa pia uso na kile kilichoko nyuma ya uso. Mhudumu akikunja sura kwa neno la mteja, ni yeye atakayeitwa ofisini. Pima kwa kipimo kilekile: anaweza kurudisha? Msichana anaweza kumjibu yule bwana "sawa, mume wangu mkubwa" akabaki na kazi na heshima yake? Hawezi. Kwa hiyo lile si neno la mapenzi, hata likisemwa kwa kicheko, hata likiambatana na bakshishi.

Wahudumu wana mbinu zao, na nyingine ni za kistadi kupita chochote nilichowahi kufundisha. Nilifanya kazi na dada mmoja ambaye alikuwa akiitwa "mrembo" na mtu mwenye mvi, anasimama wima, anakunja mikono mbele, anasema kwa sauti ya darasani: "Shikamoo, baba." Basi. Yule bwana hana njia. Atatazama kushoto, atatazama kulia, watu wanasikia, na itamlazimu aseme "marahaba". Akishasema marahaba ameshakuwa baba, na baba hawezi tena kumwita bintiye mrembo kwa sauti ile. Uzio umejengwa kwa maneno mawili na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kuwa na adabu nyingi. Kwa vijana wenzake alitumia "kaka", akilikaza kidogo silabi ya kwanza. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi na sikumbuki akishindwa.

Lakini naomba wasimamizi mnisikilize: ustadi wa yule dada haukuwa mfumo wenu wa ulinzi. Alijilinda mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika Juni 2021, na ndani yake imetamkwa kwamba unyanyasaji unaohusisha watu wa nje ya ajira nao uhesabiwe. Pendekezo linaloambatana nao linawataja kwa jina: wateja. Kwa lugha ya kaunta maana yake ni kwamba "mteja ni mfalme" si jibu tena pale binti anapokuja ofisini kwako akitetemeka. Mpe neno la kusema na ruhusa ya kulisema: "Naomba uniite kwa jina langu, liko hapa kifuani." Na akilisema, mteja akija kwako kulalamika, usimwombe radhi mteja mbele ya binti huyo. Mengine mtayajua wenyewe. Hilo la mwisho ndilo wengi wenu mnakosea.

Na ile karatasi. Sijawaomba mkataze "mpenzi". Kuna mama anayehudumia kaunta kwa miaka ishirini, kila mtu kwake ni "mwanangu", na wateja huacha madirisha mengine matupu wakapanga foleni kwake. Ukimkatazia utakuwa umemkata ulimi. Neno lile ni lake, analitoa anapotaka, na anajua wa kumnyima. Nimeshamwona akilinyima. Ninachoomba ni kwamba lisiandikwe. Mkiliamuru, mmelifanya sare: anavaa aliyenenepa na aliyekonda, kwa kipimo kimoja, na kila Ijumaa mtu anakagua vifungo.

Nikiri jambo moja kabla sijakaa. Na mimi siku hizi ni yule msimamizi mwenye kalamu. Ijumaa nasikiliza simu tano za kila mmoja. Karatasi bado ipo mezani, ila amri ya tatu niliifuta, na mahali pake nimeweka swali moja: "Nikuite nani?"

Majuzi nilikuwa nasikiliza simu ya kijana mgeni kazini, mwezi wake wa pili. Amempata mama aliyekatwa ada mara mbili, kakasirika, anaongea bila kuvuta pumzi. Kijana akamwacha amalize. Kisha akauliza lile swali, kwa woga, nusura lisisikike. Mama akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta mtego uko wapi. Akasema, "Mimi? Niite Mwalimu. Wote huniita Mwalimu, hata waliokwisha kuwa na wajukuu."

"Sawa, Mwalimu," akasema kijana. Tatizo lilichukua dakika kumi na moja, na si zote zilikuwa nzuri, kuna mahali alibonyeza kitu akapoteza ukurasa mzima akaanza upya. Mama hakupandisha sauti tena. Kijana alimwita Mwalimu mara saba. Nilihesabu, mazoea hayaachi mtu. Mwishoni mama akamuuliza na yeye anaitwa nani, akamwambia, na mama akamuaga kwa jina lake, akimwambia akalale mapema, sauti yake imechoka.

Fomu yangu ya alama haina kisanduku cha kuweka hilo. Niliandika pembeni.